Utafiti Nilioufanya Juu ya Mke Wangu

Mwanzoni mwa miaka ya sabini tulikaa mtaa wa Rahaleo, mimi na mke wangu. Mimi si mtu wa kutoka. Nikishamaliza kazi, kibaraza na redio vinanitosha. Akaja mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo wa Madimba, kusoma ualimu. Alileta begi moja na saikolojia.

Kila jioni tukila uani, anatufundisha. Ukimdhania mtu jambo, alisema, hiyo ni nadharia tete tu mpaka uipime.

"Na wewe shemeji umeshapimwa?" mke wangu akauliza.

"Nipime wewe, shemeji. Kaka keshachakaa!"

Utani wa mashemeji, naujua. Lakini kichwa cha samaki changu, haki yangu tangu harusi, kilianza kuangukia sahani ya kijana.

Nami nikaunda nadharia tete yangu: mke wangu anampenda huyu kuliko mimi. Sampuli ilikuwa mtu mmoja, tena namlisha mwenyewe. Nikakaa kibarazani, sauti ya redio chini, sikio uani. Kicheko kilikuwepo. Nikajiona profesa.

Nikamuuliza kijana, kama vile nauliza kwa niaba ya watu: "Mtu akiliona jambo kila siku, si limethibitika?"

"Bado, kaka. Lazima awe na cha kulinganishia. Aweke mtu mwingine mahali pale pale, aone."

Siku kijana alipochelewa chuoni, nikamwalika babu jirani, kibogoyo. Nilimchagua kwa sura. Mke wangu akamwita mume mkubwa, akamchambulia kichwa cha samaki kwa mkono wake, na mimi niliyejisingizia kusikiliza redio kibarazani nikasikia wanavyocheka mpaka wanakohoa. Wivu ukanipanda, kwa mzee asiye na jino hata moja!

Nikaingia uani. Kicheko kikakatika.

"Mbona mmenyamaza?"

"Si umekuja na uso wa polisi?" mke wangu akasema. "Nani acheke huku anapelelezwa? Kichwa anakula anayekaa tukaongea. Wewe mwenzio redio."

Kijana aliporudi nikampa matokeo, nikidai ni ya rafiki yangu fulani.

"Basi kinachobadilisha kicheko si mgeni, kaka," akasema. "Ni huyo mtafiti mwenyewe."

Mke wangu akacheka mpaka akashika mbavu, na safari hii mimi nimekaa pale pale mkekani. Kesho yake redio niliiacha ndani, nikala nao. Kichwa alipewa shemeji yake. Mimi nilipewa mkia, na maneno mengi.