Paa Lililovuja Majimbo

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa juu ya paa la nyumba yetu pale mtaa wa Majimbo, Embu, sketi nimeifunga kwa kamba kiunoni, mama mkwe wangu akaingia uani na mkungu wa ndizi kutoka Mitunguu, kijijini kwao. Hakuwa ametuma habari kwamba anakuja. Kwetu wakati ule mwanamke hakupanda juu ya nyumba. Kazi ya paa ilikuwa ya wanaume, na aliyethubutu alisemwa mpaka kanisani. Nilitamani mabati yafunguke yanimeze.

Nikueleze kwanza nilivyofika huko juu. Baba wa watoto wangu alikuwa ameaga dunia, akaniacha na wasichana wawili, Kendi na mdogo wake, na nyumba moja katika safu ya nyumba kuukuu, zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta, ukikohoa jirani anakupa pole. Dari ya chumba cha wasichana ilikuwa ikivuja, na maji yalidondokea kitandani mwao. Shemeji yangu Mutuma, ndugu mkubwa wa marehemu, hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kuwaamulia wengine. Alisema nyumba ile inataka mwanamume, nami sina. Masika yakifika paa bado linavuja, nitahamia kwao Mitunguu kulima ndizi, na nyumba itapewa mpangaji. Cherehani yangu ilikuwa sokoni Embu, na wasichana walisoma karibu na hapo. Ningeondoka, vyote vingekwisha. Niliogopa, nisikudanganye, lakini hofu yangu ilichanganyika na hasira, na hasira ndiyo iliyonipandisha paani.

Haikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa nikipanda alfajiri kabla watu hawajaamka, nakisia pale maji yanapodondokea chumbani, napaka lami juu yake papo hapo. Mvua ikinyesha, maji yanakuja vilevile. Naongeza lami. Nyinyi siku hizi mnatazama video kwenye simu, jioni mmeshakuwa mafundi. Mimi sikuwa na video, lakini kiburi cha ufundi nilikuwa nacho chote. Paa letu lilipata lami kuliko barabara ya mtaa, na bado wasichana walilala na karai katikati yao.

Basi nikashuka, mikono myeusi, nikamwamkia mama mkwe huku nikitazama chini. Nilingoja kukemewa. Alinikemea kweli, ila si kwa lile nililolitazamia.

"Mama Kendi," akasema, "umepanda bila mtu wa kushika ngazi. Ukianguka, hawa watoto nitawapeleka kwa nani?"

Akaingia chumbani, akaitazama alama ya maji darini, akaniuliza nimeziba wapi. Nilipomwonyesha alitikisa kichwa. Kule Mitunguu wanamwagilia mashamba kwa mabomba, naye alikuwa amefukua mabomba yaliyopasuka tangu ujana wake. Akanieleza kwamba bomba likipasuka, tope huonekana mbali, huko chini mteremkoni, na mjinga huchimba penye tope. Maji hukuonyesha yanapotokeza, hayakuambii yalikoingilia. Akamwita jirani yetu, Mama Njeru, akae chumbani kutazama dari. Mimi akaniamuru nipande tena na ndoo ya maji, nimwage kidogo kidogo, nikianzia chini ya paa na kwenda juu. Yeye akashika ngazi.

Nikamwaga, nikangoja. Mama Njeru akasema hapana kitu. Nikasogea juu, nikamwaga tena. Upande wetu wote ukaisha bila tone. Ndipo mama mkwe akaniambia nivuke kidogo, nimwage pale mabati ya Mama Njeru yanapolalia yetu. Mimi nilizaliwa Muthara, ambako kila nyumba husimama peke yake katikati ya shamba lake, na nilidhani nyumba yangu inaishia ukutani. Ndoo haijaisha, nikamsikia Mama Njeru akiita kwamba maji yamefika. Misumari ya hapo ilikuwa imelegea na raba zake za kuzuia maji zimepasuka kwa jua. Maji yaliingilia hapo, yakafuata boriti, yakaja kushukia kitandani mwa wasichana.

Wakati huohuo Mutuma akatokea. Mtu alikuwa amemwambia huko sokoni. Akasimama uani, akapaza sauti.

"Wewe mama, shuka hapo. Hii ni aibu gani unaletea familia yetu? Kwani Embu nzima hakuna fundi?"

Nikaanza kuitafuta ngazi kwa mguu. Ningeshuka, mwanangu, kweli ningeshuka. Lakini mama mkwe hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa ameikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, akamjibu kwa Kimeru, nami nakutafsiria.

"Huyo ni mwanangu, na ngazi nimeshika mimi. Ukitaka ashuke, anza na mimi."

Mutuma akarudi nyuma hatua moja. Kwetu hakuna mwanamume anayemsukuma mama yake, tena mbele ya majirani. Nikang'oa misumari mibovu, nikapiga mipya na raba zake, nikaziba matundu ya zamani, na safari hii lami ilikaa mahali pake. Nilipiga nyundo huku nikilia, wala sikujali nani ananiona. Tangu nifiwe na mume wangu, hakuna mtu wa kwao aliyekuwa ameniita mwanawe.

Mama mkwe alikataa kurudi Mitunguu mpaka mvua inyeshe. Ilinyesha alasiri moja, kelele za mabati zikawa nyingi hata tukaongea kwa ishara. Tuliketi sote kwenye kitanda cha wasichana tukitazama juu, na dari ikabaki kavu. Kesho yake Mutuma alikuja, akaingia chumbani, akaigusa dari kwa ncha ya fimbo, kisha akaomba chai. Mama yake akammiminia. Habari ya mpangaji haikutajwa tena, siku hiyo wala baadaye.

Baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza hasa. Nikapiga plasta jikoni, nikarekebisha mlango uliokuwa ukikwaruza chini, nikabadilisha gata la kukingia maji ya mvua. Bandu bandu huisha gogo. Wasichana wangu walimaliza shule wakitokea nyumba ile.

Sasa wewe umeniambia nyumba yako ya safu imekuchosha, kila unapoziba panafumuka tena, na kuna watu wanaokushauri uiache. Usiiache. Tafuta maji yanakoingilia kabla hujagusa lami, hata kama itakuchukua wiki nzima na watu wakucheke. Bisha mlango wa jirani kwanza, kwa sababu nusu ya tatizo lako liko kwake na nusu ya tatizo lake liko kwako. Na usipande peke yako ili uonekane shujaa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tena siku utakapomwona mwenzako yuko juu na watu wanamwambia ashuke, usisimame nao kutoa maoni. Nenda ukashike ngazi.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe usingizi mkavu wakati wa mvua, na kila unapopanda asikukoseshe mtu wa kusimama chini yako.