Ng'ombe Kumi na Moja Katika Fomu ya Severina

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu, njia panda ya Mkiwa. Mashine ya kukamua alizeti imeshawashwa, na anayetaka kuongea na mwenzake lazima amsogelee sikioni. Severina Calist anaweka gunia juu ya mizani, anasoma, anaandika, anashusha. Gunia la pili. Kabla ya la tatu anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka mfukoni mwa koti lake la kazi, anaitazama, anairudisha.

"Hiyo karatasi ameshaishika kichwani," anasema Yustina, mama anayeuza mafuta ya alizeti kwa abiria wa mabasi hapo barabarani. "Lakini kila saa anaichungulia, utadhani maneno yake yatabadilika."

Maneno hayajabadilika. Ni barua ya mkopo wa masomo, na inasema Severina atakopeshwa asilimia arobaini tu ya gharama zake za chuo kikuu. Chuo kinafunguliwa baada ya wiki tatu. Mwenye malalamiko anatakiwa awe amekata rufaa ifikapo Ijumaa ya wiki hii.

Severina ana miaka ishirini na sita. Ana stashahada ya usindikaji wa vyakula, na mwaka huu wa 2007 chuo kikuu kimoja cha Morogoro kimemkubali aanzie mwaka wa pili wa shahada. Wenzake waliosoma naye walirukaruka barua za kukubaliwa zilipofika. Yeye alirukaruka siku moja, halafu akaanza kupiga hesabu, na tangu hapo hajatulia.

Anachokitaka huko anakieleza bila kupepesa macho. Tangu serikali ilipofungua milango ya biashara, mafuta ya kutoka nje yamejaa madukani, meupe, hayana harufu, na bei yake ni ndogo. Mafuta ya Singida yanatoka mashineni yakiwa na rangi nzito, na yakikaa juani wiki mbili mnunuzi anakunja pua.

"Mbegu yetu ni nzuri, mimi ndiye ninayeipima," anasema. "Kinachotushinda ni kuyasafisha. Nataka nikajue hayo mambo, nirudi. Sasa nikikaa hapa mwaka mwingine nitakuwa nimejua nini? Kilo?"

Mshahara wake ni shilingi elfu hamsini kwa mwezi. Ada ni laki sita kwa mwaka, na kwa mkopo huo laki tatu na elfu sitini ni juu yake. Amejiwekea laki mbili na elfu kumi. Mpaka hapo bado hajalala mahali popote, na malazi ndiyo yanayomsumbua zaidi.

Bweni la chuo ni nafuu, elfu themanini kwa mwaka mzima, ila vitanda wanapewa kwanza wale wa mwaka wa kwanza. Anayetoka diploma na kuingia moja kwa moja mwaka wa pili anaandikwa mwisho wa orodha, kama kuna kilichobaki. Chumba mtaani ni elfu ishirini kwa mwezi, na mama mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo.

Ipo njia ya tatu. Rafiki yake aliyetangulia chuoni amemwambia aje wabebane, yaani walale wawili kwenye kitanda kimoja cha bweni, mmoja ameandikishwa na mwingine hajulikani. Wapo wengi wanaoishi hivyo. Msimamizi akipita, asiyeandikishwa anajifanya mgeni aliyekuja kuazima daftari.

Severina anazipanga njia hizo tatu kwa vidole, anazivuruga, anazipanga upya. Mwandishi wa makala haya alizisikia mara nne kabla ya saa sita, na mara ya nne akajikuta anamsahihisha. Kwa asilimia arobaini, kila njia inakwama mahali. Kwa asilimia themanini anayotarajia kuomba kwenye rufaa, na mshahara wake wa mwisho, chumba kinawezekana. Kwa hiyo mambo yote yanarudi kwenye ile barua, na barua inarudi kwenye zizi la baba yake.

Fomu ya mkopo ina sehemu inayouliza mali za mzazi. Severina alikuwa kazini, kwa hiyo fomu aliituma kwa konda wa basi mpaka kijijini kwao, upande wa Mtinko, ili baba yake aijaze na mtendaji wa kijiji agonge muhuri. Mtendaji, Bwana Antipasi, alifika nyumbani kwa mzee, akauliza ng'ombe ni wangapi. Mzee Calist akamwonyesha zizi. Wakahesabu pamoja. Kumi na moja.

Ng'ombe wa Mzee Calist ni watatu.

Wanane ni wa mtu mwingine. Katika vijiji hivi mfugaji haweki ng'ombe wake wote zizini kwake. Wengine anawakabidhi kwa mtu anayemwamini, ugonjwa ukiingia usiwamalize wote, na ndugu wenye shida zisizoisha wasijue alichonacho. Anayewatunza anapata maziwa na samadi. Mwenye ng'ombe anapata ndama, na anapata kitu kingine kilicho kikubwa kuliko ndama, nacho ni kimya. Mtunzaji hamtaji. Akimtaja mara moja, hakuna atakayemkabidhi tena hata mbuzi.

Mzee Calist ametunza hivyo miaka kumi na tisa. Mtendaji alipouliza, hakuwa na namna ya kusema wanane si wangu bila kuulizwa ni wa nani. Akaacha waandikwe kumi na moja. Hakujua kwamba kule fomu inakokwenda, mtu mwenye ng'ombe kumi na moja anahesabiwa kuwa na uwezo wa kusomesha.

"Na mimi ni mjinga," anasema Severina. "Nimekua nikiwakamua wote. Nyumbani hatusemi huyu wa kwetu, huyu si wa kwetu. Ningejaza mwenyewe, labda na mimi ningeandika kumi na moja."

Jumanne anaomba ruhusa kazini na kupanda basi. Mwandishi anapanda naye. Toka Mkiwa mpaka Singida mjini anabadilisha kiti mara mbili; kwanza jua, halafu dirisha halifungi. Kwenye gari la Mtinko hakai kabisa ingawa nafasi ipo.

Kituo cha kwanza ni ofisi ya mtendaji. Bwana Antipasi ni mtu wa haki na ana hasira za kiasi, hasira za mtu anayejua kwamba hajakosea.

"Shikamoo," anasema Severina.

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta." Anavua miwani. "Niliona ng'ombe kumi na moja kwa macho yangu haya. Ukitaka niandike watatu, hao wanane niandike wameenda wapi? Mzee aniambie ni wa nani, mwenyewe aje aweke sahihi, leo hii nagonga muhuri. Vinginevyo nitakuwa nadanganya, na kazi yangu naipenda."

"Baba hatasema."

"Basi tumefika mwisho, mimi na wewe."

Nyumbani, Mzee Calist ameketi kwenye kigoda anashona kamba ya ngozi. Ana miaka sitini na minne, mrefu, mpole wa sauti. Baada ya salamu mazungumzo yanahamia Kinyaturu, na mama wa Severina, Febronia, ndiye anayemtafsiria mgeni, huku akiongeza maoni yake humohumo.

Severina anamweleza baba yake kila kitu, ada, kitanda, chumba, Ijumaa. Anaongea akiwa amesimama, anakwenda mpaka kwenye kihenge, anarudi. Mzee anasikiliza mpaka mwisho.

"Unataka nimtaje," anasema.

"Sijasema hivyo, baba."

"Hujasema. Lakini umetembea kilomita zote hizo."

Febronia anamwambia mgeni kwa Kiswahili, bila kushusha sauti, kwamba yeye angemtaja tangu asubuhi. "Mtoto ni wangu. Ng'ombe ni wa mtu. Hapo kuna cha kufikiri?" Mzee anamsikia vizuri na anaendelea kushona.

Mwandishi naye anakiri kwamba alikuwa upande wa mama. Kutoka mjini jambo linaonekana jepesi, jina moja kwenye karatasi, msichana aende shule. Ila kadiri mzee alivyokaa kimya ndivyo wepesi ule ulivyopungua. Watu wa hapa wanamheshimu Mzee Calist, na heshima yenyewe haikutokana na mali, maana mali hana. Imetokana na midomo yake.

Alasiri mzee anavaa koti, anachukua fimbo, anaondoka bila kuaga. Anarudi jua likizama, ananawa, anakula ugali wake. Severina hamuulizi alikotoka. Anahesabu vyombo, anavipanga, anavipangua.

Jumatano saa nne asubuhi vijana wawili wenye fimbo wanasimama nje ya zizi. Wanamwamkia mzee kwa adabu. Hawasemi wametumwa na nani, na hakuna anayewauliza. Mzee Calist anaziondoa mwenyewe boriti za mlango wa zizi, moja baada ya nyingine, anaziegemeza ukutani.

Ng'ombe wanane wanatoka. Wa sita, mwekundu mwenye pembe moja iliyokatika, anafika njiani na kugeuka, anarudi mpaka alipo Febronia. Mama huyo amemkamua miaka sita. Anamsukuma shingo kwa viganja viwili, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa nguvu, mpaka anawafuata wenzake.

Wanapita katikati ya kijiji mchana kweupe, na kila mwenye macho anaona. Zizi lililokuwa limejaa sasa linaonekana lilivyo pana. Mzee Calist anabaki na ng'ombe watatu, mmoja tu ndiye anayekamuliwa. Wadogo wawili wa Severina watakunywa chai ya rangi. Samadi ya shamba la uwele itafika nusu, pengine isifike.

Severina analia. Analia akiwa amempa baba yake mgongo, na anafuta machozi kwa koti lilelile la kazi.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza," anasema mzee. "Halafu Ijumaa ingefika."

Anamtuma jirani kumwita mtendaji. Bwana Antipasi anafika na daftari na muhuri, anasimama mlangoni pa zizi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuhesabu watatu. Yeye pia ni mzaliwa wa hapa, ana mifugo yake, na hakuna anayejua iko kwa nani. Haulizi kitu. Anaandika barua juu ya goti lake kwamba leo hii amefika na kuona kwa macho yake ng'ombe watatu, mali ya Calist. Anagonga muhuri mara mbili, ya kwanza haikutoka vizuri.

"Sasa hapa sijadanganya," anasema.

"Hujadanganya," mzee anamjibu. "Waliokuwepo wamekwenda kwao."

Mwandishi alimuuliza Mzee Calist kama mambo haya yaandikwe gazetini. Akafikiri. Akasema yaandikwe, maana hakuna jina lililotajwa, na kijiji kizima kimeshawaona wakipita. Alipoulizwa kama mwenye ng'ombe alikasirika, alicheka kwa mara ya kwanza siku hizo mbili. "Mwenye ng'ombe gani?"

Alhamisi Severina aliipeleka rufaa mwenyewe mpaka Singida mjini, akaituma kwa njia ya haraka, akakaa na stakabadhi yake mkononi mpaka ikalowa jasho. Majibu hayajapatikana. Aliambiwa yanaweza kuchukua mwezi, na chuo hakimsubiri mtu.

Wiki inayofuata yuko tena kwenye mizani yake. Gunia, andika, shusha. Karatasi mfukoni sasa ni mbili, na bado anazichungulia. Lakini jambo moja ameliamua. Hatabebwa.

"Nimewaza nikacheka," anasema, ingawa hacheki. "Nitakuwa kama wale ng'ombe. Nalala kwenye zizi la mtu, nikiulizwa jina ninyamaze. Hapana. Nikienda nataka niandikwe."

Amempigia simu mama mwenye nyumba wa Morogoro mpaka vocha tatu zikaisha. Walianza miezi sita, wakashuka minne, wakakwama hapo. Kisha Severina akataja anakofanya kazi, na mama akauliza kama kweli mafuta ya alizeti ya Singida ni halisi kama watu wanavyosema. Wamekubaliana kodi ya miezi miwili, pamoja na dumu la lita ishirini la mafuta kama malipo ya mwezi wa tatu. Yustina amemchagulia dumu jipya ambalo halijawahi kubeba petroli.

Ada ataanza kulipa kwa kile alichonacho, na itakayobaki ataomba chuo kimpe muda. Rufaa ikikubaliwa, atapumua. Isipokubaliwa, ana muhula mmoja wa kuhangaika, halafu hajui. Hilo la kutojua analisema haraka, kisha anashika gunia lingine ingawa zamu yake ya mapumziko imefika.

Kuhusu kusafisha mafuta ameshaongea sana. Ukimuuliza sasa atafanya nini siku akipata mshahara wa kwanza wa shahada, hataji mashine. Anaangalia barabara inayokwenda kwao.

"Nitanunua mtamba mmoja, mwekundu," anasema. "Nitampeleka mwenyewe mpaka zizini kwa baba. Na huyo, mtu yeyote akimuuliza ni wa nani, baba ajibu."