Vifuko vya Mikono vya Ayta

Huyu ni Balaagiya Semyonovna Attasova, binti wa Semyon aliyevusha farasi mto Lena huku barafu ikilia chini ya kwato, mjukuu wa Ogdo aliyewashonea watoto wa kijiji kizima mwaka ule wa vita. Yeye mwenyewe amelea watoto watano na wote wana vidole vyao kumi. Hilo hulisema popote, hata asipoulizwa.

Ndiyo maana msimu wa baridi uliopita ulimuuma. Mjukuu wake Ayta alirudi kutoka shule kidole cha shahada kimeganda kwa baridi, cheupe kama mshumaa, na vifuko vya mikono vya ngozi ya mbweha alivyovaa alikuwa ameshonewa na bibi yake. Kidole kilipona. Lakini Tuyaara, mama yake Ayta, aliapa kwamba wasipopata kitu kitakachobaki mikononi mwa mtoto hadi mlangoni, Ayta atahamia kwa shangazi yake mjini, jirani na shule, mpaka theluji iyeyuke. Balaagiya, ambaye nyumba bila Ayta ingemshinda, aliyasingizia manyoya, kwamba yalikuwa yamezeeka.

Basi wakaenda sokoni watatu, hadi kibandani kwa Marpa muuza manyoya. Tuyaara akachagua glavu nyekundu za vidole vitano, zinang'aa.

"Mkwe wangu, hizo za kwendea shule au za kupigia gitaa?" Balaagiya akauliza.

Marpa akacheka, akasema watoto wa siku hizi wanapenda vidole. Balaagiya hakubishana. Alimvika Ayta ile nyekundu mkono wa kulia, na wa kushoto akamvika kifuko chenye manyoya ya sungura kwa ndani, vidole vinne chumba kimoja, dole gumba chumba chake. Akamtuma hadi kwa wauza samaki, kule samaki wanakosimama wameganda kama kuni, kisha arudi.

"Haya, niguse shingoni."

Mkono wa kulia ulimrusha bibi kama mbuzi. Wa kushoto ulikuwa mkate uliotoka jikoni. Akamtupia mkwewe jicho la ushindi.

Ayta hakufurahi. "Bibi, hata vya mwaka jana vilikuwa na joto."

"Sasa kidole kiliganda vipi?"

"Nilivua. Zipu ya mkoba haishikiki nikivaa. Na skafu ikishuka puani, siwezi kuifunga."

Miaka yote hiyo Balaagiya alikuwa amepima manyoya, mshono na urefu wa dole gumba, ila kumuuliza mtoto hakuwahi. Tuyaara akasema, wala si kwa ubaya, kwamba basi mjini ndiko kuzuri.

Hapo bibi akawakumbuka wale wachunga mifugo wa kaskazini waliokuwa wakifika kwa Ogdo. Walitoa vidole kwenye mpasuo wa kiganjani mwa vifuko vyao, wakawasha kiko, wakavirudisha ndani. Akaomba kisu.

"Lipa kwanza, bibi, ndipo uchinje," Marpa akasema.

Akalipia jozi ya vifuko vya sungura, akavipasua vyote viwili kiganjani. Sindano alikuwa nayo kwenye ukosi wa koti kama kawaida yake. Marpa akampa vipande vya manyoya, naye akavishona juu ya mipasuo viwe vifuniko, ameketi kando ya jiko la kibandani huku akinung'unika kwamba uzi wa siku hizi ni utelezi mtupu.

Ayta akaenda tena kwa samaki. Njiani akachomoa vidole, akafungua mkoba, akaufunga, akakaza skafu, akavirudisha. Aliporudi, alizishika shingo za wanawake wote watatu kwa zamu, na hakuna aliyeruka.

Tuyaara akazitundika zile nyekundu mahali pake. "Basi shangazi atamwona Jumapili tu," akasema.

Walipotoka, Balaagiya alichomoa ile sindano akaichomeka kwenye ukosi wa mkwewe.

"Mwakani utamchagulia wewe, mwanangu. Manyoya mazuri Marpa atakuonyesha. Wewe kabla ya yote muulize mtoto huwa anavua kwa nini."