Baiskeli Katikati ya Mbuzi

Esanzi, mafuta ya gari, ilipopanda bei, nauli ya kamio ilitushinda. Mimi na katekista mwenzangu wa Mushaki tukanunua baiskeli moja, tukaiombea, tukapatana: wiki moja yake, wiki moja yangu. Katika wiki yangu nilimpelekea mama yangu mgonjwa chakula kule Ngungu.

Mwenzangu alipomposea mtoto wake mke, aliniomba nifungue shughuli ya mahari kwa sala. Nilipofumbua macho, vijana walikuwa wanaleta mbuzi, na nyuma yao baiskeli yetu, imepambwa maua.

Nikamnong'oneza mwenzangu, "Papa, ile baiskeli si kinga yetu sisi wawili?"

"Mbuzi zilipunguka, kaka. Wewe uko na miguu ya nguvu. Utaniharibia ndoa mbele ya wakwe?"

Wakwe walikuwa wananitazama. Sala ya kubariki mahari nikaisali mimi mwenyewe.

Nilikwenda Ngungu kwa miguu, nikafika siku ya pili. Namshukuru Mungu, nilimkuta mama hai. Aliuliza kwa nini hakusikia kengele ya baiskeli. Sikuweza kumwambia aliyeitoa mahari ni nani, maana alikuwa akimwombea mtu yule kila jioni, kama alivyoniombea mimi.