Chembe Ishirini na Saba

Karani wa masjala ya hospitali alikuwa na jina lake, lakini wenzake walishalisahau. Walimwita Bi Kwanini, maana karatasi haikupita mikononi mwake bila kuulizwa ilikotoka. Alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu, naye akapewa kazi ya kuhamishia madaftari ya zamani kwenye kompyuta.

Siku moja akakutana na faili la seremala mmoja, mgonjwa wa mwezi ule ule, lenye majibu mawili ya uboho ule ule, uliotolewa ndani ya mfupa wa nyonga yake asubuhi moja. Maabara moja iliandika saratani ya damu, ile inayokwenda mbio. Nyingine iliandika ugonjwa wa uboho, jirani tu wa saratani hiyo. Kompyuta ilitaka jina moja. Bi Kwanini akaamini kuna mtu kaboronga, akazibeba karatasi hadi maabarani kwa daktari wa magonjwa ya damu, kijana ambaye yeye angeweza kumzaa.

Daktari alizisoma, akatabasamu. "Hakuna aliyekosea, mama. Wote wamehesabu ishirini na nne."

Akamweleza kwamba uboho una chembe changa za damu, zisizokomaa, na zikizidi ndipo ugonjwa huitwa saratani ya mbio. Mpango wa zamani wa kuyapa magonjwa haya majina uliweka mpaka kwenye thelathini katika kila mia. Mpango uliofuata ukaushusha hadi ishirini, kwa kuwa walioangukia katikati walionekana kuugua karibu sawa na wenzao. Maabara moja ilikuwa haijaachana na kitabu cha mpango wa zamani. Na hata sasa, akasema, wataalamu wana vitabu viwili vipya visivyopatana kila mahali.

"Kwa hiyo mgonjwa ni yule yule, kilichobadilika ni kitabu?"

"Yule yule. Nami simtibu kwa jina peke yake. Natazama umri wake, nguvu zake, na kasoro zilizomo ndani ya chembe."

Akamsogezea darubini. Bi Kwanini alitarajia kuona kitu cha kutisha. Akaona madoa ya zambarau tu. Akajaribu kuyahesabu, akapotea njiani.

Tangu hapo hakutulia. Madaftari ya zamani yalikuwa na hesabu za chembe pembeni, naye akaanza kuwatafuta wote walioangukia kati ya ishirini na thelathini. Kwa wiki nzima akapata kumi na mmoja. Wa tisa alikuwa kaka yake, fundi cherehani, aliyefariki miaka kumi na tisa nyuma. Ishirini na saba. Mwandiko ulikuwa wa Bi Kwanini mwenyewe.

Wakati ule familia iliambiwa si saratani ya damu. Alipokufa ndani ya miezi mitano, ndugu walimnyooshea kidole mkewe: mtu hafi kwa ugonjwa wa namna hiyo ila kwa kutotunzwa.

Jumamosi akaenda kwa wifi yake, akamkuta anachagua maharage. Akaomba punje mia, akazipanga mezani, akatenga ishirini na saba, kisha akaweka kijiko mahali pa mpaka wa zamani na kingine mahali pa mpaka mpya. Akamweleza yale majina mawili, na wifi akatazama kwa makini.

"Wangemwita kwa jina hilo jingine, angepona?"

"Daktari nilimuuliza. Anasema dawa za wakati ule zisingemfikisha mbali. Lakini sisi tungejua tunauguza nini, na wewe usingesemwa."

"Wewe nawe ulinisema?"

"Niliwasikia wakikusema, nikanyamaza. Nisamehe, wifi."

Wifi alizihesabu punje tena, moja moja, kisha akasema kwamba kila Jumatatu alikuwa akimfulia mumewe mashuka, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Bi Kwanini akamuuliza mengine yote. Wakazungumza mpaka saa ya kupika ikapita.

Jumatatu yeye na daktari wakaongeza safu mbili kwenye kompyuta: hesabu ya chembe, na kitabu kilichotumika. Seremala alikuwa ameshaanza dawa. Daktari akamshauri Bi Kwanini apumzike kidogo. Yeye akavuta kiti, akataka aelezwe hao wenye vitabu viwili vipya wanabishania nini hasa.