Dumu la bluu la Dada Neema

Nimeifuta post hii mara nne. Kila mara nilikuwa nimeandika "Dada Neema anaumwa", kwa sababu mkono unakataa kuandika lile neno jingine.

Dada Neema amefariki Jumanne asubuhi. Wengi wenu mnamkumbuka kanisani, yule mwimbaji mwenye buti za njano. Ugonjwa wa selimundu aliozaliwa nao umemchukua akiwa na miaka ishirini na nne.

Alikuwa jirani yetu hapa mtaa wa Phillips, mlango wa pili. Mimi nilikuwa tester wake, wa kumjaribia game yake. Cheo hicho alinipa mwenyewe nikiwa darasa la saba, na mshahara ulikuwa mandazi.

Alikuwa anatengeneza game ya simu, peke yake, kwenye laptop yenye ufa, wakati wa break kazini kwake katika nyumba ya kutunzia wazee, mji wa Blaine.

Inaitwa Foleni. Kuna bomba moja na madumu ya njano yaliyobanana. Unayasogeza moja moja mpaka dumu la bluu lifike bombani. Huruhusiwi kulitoa dumu la mtu yeyote kwenye foleni.

Dumu la bluu ni la mama yake. Kambini, kabla hawajaja Marekani, Neema mdogo ndiye aliyekuwa akikaa kando ya dumu hilo kulilindia nafasi.

Hakuweka neno hata moja kwenye game, maana Mama Neema hajui kusoma. "Mama akikwama, kosa ni langu, si lake," alisema.

Kila Jumapili baada ya ibada tulimpa mtu simu acheze kule ukumbi wa chini. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye daftari kidole kimesimama wapi. Sheria ilikuwa moja tu: usimsaidie.

Siku moja mzee mmoja wa kanisa alihangaika na level ya tatu mpaka jasho likamtoka. Nikamwonyesha kwa kidevu. Dada akanivuta sikio: "Wewe! Utaenda nyumbani kwa kila mchezaji na hicho kidevu chako?" Jamani, tulicheka!

Level ya thelathini, ya mwisho, aliimaliza akiwa amelazwa. Niliicheza siku nane. Nikamwambia, "Dada, hii ina bug. Haiwezekani."

Akatabasamu. "Mpe Mama."

Nilidhani ni dawa zinamsemesha. Sikumpa.

Juzi kaka yake, Amani, alisema anataka kuituma game kwenye app store kabla ya mazishi. Nikamwomba aiondoe level ya thelathini, watu wasije wakaona kosa la Dada. Alikuwa ameshafungua laptop ndipo nikalikumbuka lile neno la Dada, "Mpe Mama." Nikamwambia, "Kaka, subiri kwanza."

Jana mchana Mama Neema alikuwa amekaa kwenye godoro sebuleni, akina mama wamemzunguka. Nikapiga magoti. "Shikamoo, Mama. Dada alisema nikupe hii."

Akaitazama sana. "Eh, hii foleni iko na fujo."

Akalisukuma dumu la bluu kuelekea bombani, kama nilivyofanya mimi kila mara. Likakwama. Kidole kikasimama. Nilitaka kumwambia, "Mama, acha, imeharibika." Nikauma midomo.

Ndipo akalirudisha dumu la bluu nyuma, nyuma kabisa, mwisho wa foleni.

"Hiki kidumu kidogo ni cha mwenye mgonjwa nyumbani," akasema, akikigusa kimoja cha njano. "Apite kwanza. Kule kambini Neema alipokuwa anaumwa, si na sisi walitupisha?"

Madumu yakaanza kupishana, moja baada ya jingine. La bluu likafika la mwisho, na maji yakatoka.

"Voilà, ndiyo hiyo," akasema taratibu. Akaibana simu kifuani, akalia. Sote tukalia.

Siku nane nilikuwa nasukuma mbele tu.

Amani ameituma game jana jioni, level zote thelathini. Mkiipata na mkikwama, tafadhali msiniulize jibu.

Dada, nisamehe kwa kusema ina bug. Nilinyamaza kama ulivyonifundisha, hata kidevu sikukitikisa. Nimeandika kwenye daftari letu: Mama, level ya thelathini, kidole kimesimama mara moja tu.

Safari hii nasi tumekupisha upite kwanza, ingawa hatukutaka. Lala salama, Dada. Dumu la Mama tutamlindia sisi.