Stroberi za Marehemu

Jumanne, tarehe 14 Januari. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna.

Leo tumerudi kutoka Moshi, tulikokwenda kumzika mume wangu. Stroberi alizopanda kwenye ndoo hapa kibarazani, ghorofa ya tatu, tuliziacha zina maua. Nimezikuta zimekauka.

Niliyemwachia azimwagilie ni mama jirani.

"Shoga, sijaruka hata siku moja," akasema. "Bomba lilikauka wiki nzima, nikazipa maji ya kisima. Mbona mchicha wangu unayanywa?"

Maji ya kisima chetu yana chumvi, hata chai hainyweki. Haki yake nimpe: alipanda ngazi kila siku na ndoo kichwani. Mimi ndiye sikumwambia. Marehemu alinionya kuhusu maji hayo zaidi ya mara moja, nami nikasahau, au labda sikuwa namsikiliza vizuri. Sijui.

Nimeng'oa zote, nikabakiza mche mmoja wenye kijani kidogo katikati. Nimeupa maji ya chupa. Sidhani kama utapona.

Jioni jirani kaleta wali na maharage, tukala naye, mimi na wanangu.